Daftari za Watoto wa Ayalandi

Mwaka 1937 Tume ya Mapokeo ya Ayalandi, iliyoongozwa na Séamus Ó Duilearga, iliwakabidhi watoto wa shule kazi ya wanazuoni. Wanafunzi zaidi ya 50,000, wengi wao wa vijijini, wenye umri wa miaka 11 hadi 14, walitumwa kwa wazee wao wakaulize habari za kale, kisha waziandike shuleni badala ya insha ya kila juma. Kazi hiyo ikaendelea hata mwaka 1939, katika shule zipatazo 5,000.

Je, maandishi hayo yana thamani gani? Hayalingani. Walimu walipewa kijitabu chenye mada 55, na mada ya hazina zilizofukiwa imezaa hadithi zinazofanana kama pacha: mtu huota dhahabu, huchimba, hutokewa na mnyama wa kutisha, hukimbia. Ukisoma tatu umesoma zote. Lakini mtoto aelezapo jinsi nyanya yake alivyosukasuka maziwa hata yakatoa siagi, au alivyooka mkate wa viazi, hapambi neno, nasi twaiona mikono ya yule bibi ikifanya kazi.

Habari za njaa kuu, iliyoanza mwaka 1845 viazi vilipooza mashambani, zataka msomaji mwangalifu. Mzee wa miaka 80 mwaka 1938 alizaliwa mwaka 1858, njaa imekwisha kupita. Hakuiona, alisimuliwa na mama yake. Basi tusizisome kama ushahidi wa macho, bali kama mambo ambayo jamaa zilikataa kuyasahau: nyumba fulani iliyobaki tupu, shimo fulani walimozikwa watu bila majeneza.

Liko jambo linalonikera. Insha zilizopendeza zilinakiliwa kwa mwandiko safi katika buku kubwa la shule, na aliyechagua ni mwalimu. Mimi nami ni mwalimu. Naijua kalamu nyekundu, jinsi inavyopenda kuondoa neno la kienyeji na kuweka la kitabuni. Kwa bahati njema daftari nyingi za watoto wenyewe hazikutupwa. Zimehifadhiwa University College Dublin, kurasa 288,000 hivi, pamoja na makosa yake ya tahajia. Anayetaka kumsikia mzee wa kijijini akisema, na aanzie huko, ndipo alifungue lile buku safi.