Uwanja Aliokimbia Kiprugut

Kila mwanafunzi wa Kenya apendaye riadha amepata kusikia habari za Wilson Kiprugut Chuchu, ambaye tarehe 16 Oktoba, 1964, alikuwa wa tatu katika mbio za mita 800, akaipatia nchi yetu nishani yake ya kwanza ya Olimpiki. Uhuru wetu ulikuwa haujatimiza mwaka. Lakini ni wachache wajuao kwamba uwanja aliokimbia, yaani Uwanja wa Taifa wa Tokyo, haupo tena. Ulibomolewa mwaka 2015, na jinsi ulivyobomolewa ndilo jambo nitakalolikosoa hapa.

Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1958, mahali palipokuwa na uwanja mwingine wa tangu 1924. Katika ule wa awali, mwezi wa Oktoba 1943, wanafunzi wa vyuo waliandamana mvuani, bunduki mabegani, wakiagwa kwenda vitani. Basi mwaka 1964 Wajapani walimchagua Yoshinori Sakai, kijana aliyezaliwa katika mkoa wa Hiroshima siku ile ile bomu la atomiki lilipoangushwa, apande ngazi na kuuwasha moto wa Olimpiki mahali pale pale. Maana yake haikuhitaji mkalimani.

Sisemi kwamba jengo lenyewe lilikuwa zuri. Lilikuwa la saruji, na viti vyake vingi havikuwa na paa. Mpita njia angeweza kulipita asigeuze shingo. Hata hivyo, humo ndimo Mike Powell wa Marekani alimoruka mita 8.95 mwaka 1991, na katika mashindano hayo hayo Konchellah, Tanui, Ondieki na Kiptanui walitwaa dhahabu.

Waliotaka libomolewe walisema limechakaa, na hoja hiyo ina haki yake. Toyo Ito, msanifu majengo mashuhuri wa huko, alishauri litengenezwe tu, wala hakusikilizwa. Mwaka 2012 ulikwisha kuchaguliwa mchoro wa Zaha Hadid, mkubwa kupita kiasi. Mapema mwaka 2015 kuta zikaangushwa. Kisha mwezi wa Julai, gharama zilipopita yeni bilioni 250, Waziri Mkuu Shinzo Abe akaufuta mchoro huo. La kale lilikuwa limekwisha kuwa vumbi, na jipya halikuwapo hata katika karatasi! Hilo ndilo kosa nisiloweza kulisamehe: si kubomoa, bali kubomoa kabla ya kukubaliana juu ya kitakachojengwa. Kwa kuchelewa huko, fainali ya Kombe la Dunia la Raga ya 2019 ilichezwa Yokohama.

Uwanja mpya, uliosanifiwa na Kengo Kuma, ulimalizika mwishoni mwa 2019. Mwezi wa Agosti 2021 Emmanuel Korir alishinda mita 800 papo hapo, naye Ferguson Rotich akawa wa pili. Lakini kwa sababu ya korona viti vilikuwa vitupu. Kiprugut alikuwa hai bado. Alifariki mwaka uliofuata.