Bwawa la Exeter na Bili ya Joto

Kwa zaidi ya miaka 30 mjadala kuhusu vituo vya michezo vya halmashauri nchini Uingereza umezunguka swali moja: nani aviendeshe? Mwaka 1989 serikali iliamuru uendeshaji wake ushindaniwe kwa zabuni. Mwaka 1993, bajeti ilipokatwa huko Greenwich, London, wafanyakazi waliunda taasisi yao isiyogawana faida wakavichukua vituo wenyewe. Halmashauri nyingine zilikabidhi vyao kwa makampuni, na baadhi zimeshavirudisha. Swali la msingi zaidi, kwa maoni yangu, ni nani anayelipa bili ya joto la bwawa, na kama huyo ndiye mwenye jengo.

Tutazame Exeter, kusini-magharibi mwa England. Aprili 2022 halmashauri ya jiji ilifungua St Sidwell's Point, kituo cha kwanza cha kuogelea nchini humo kujengwa kwa kiwango cha Passivhaus, utaratibu wa Kijerumani wa majengo yanayotumia nishati kidogo mno. Kina mabwawa matatu, kiligharimu zaidi ya pauni milioni 40, na kinaendeshwa na halmashauri yenyewe.

Joto la bwawa hupotea zaidi juu ya uso wa maji, kwani maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto lake. Katika jengo la kawaida mvuke huo hukutana na kioo baridi, ukageuka matone yanayochuruzika ukutani na kuleta kutu kwenye vyuma vya paa. Ili kuuzuia, mafundi huendesha feni kubwa usiku na mchana: hewa iliyopashwa moto kwa gharama inatupwa nje, ya baridi inaingizwa ipashwe upya. Na kadiri hewa ya ukumbini inavyokaushwa, ndivyo maji yanavyozidi kuvukiza.

Exeter waliukata mzunguko huo kwenye kioo. Kwa vioo vya tabaka tatu na kuta nene zisizopitisha hewa, upande wa ndani wa kioo hubaki vuguvugu na matone hayajengeki. Hapo hewa inaweza kuachwa na unyevu mwingi zaidi, maji yakavukiza kidogo, feni zikapunguzwa kasi. Wajerumani walikuwa wameshaijaribu njia hii Bamberg na Lünen, ambako mabwawa ya aina hii yalifunguliwa 2011. Hata mwogeleaji hunufaika: akitoka majini, hewa yenye unyevu haimkaushi ngozi kwa haraka, hivyo hatetemeki.

Feni zikipunguzwa, linazuka tatizo jingine. Ile harufu inayochoma macho hutoka kwenye kemikali zinazozaliwa klorini inapokutana na jasho na mkojo. Ndiyo maana waliweka vichujio vya matundu madogo mno, vinavyonasa uchafu mapema ili klorini itumike kidogo. Jambo moja liliita jingine, na hesabu zote zilifanywa pamoja kabla ya msingi kuchimbwa. Haikuwa bahati. Halmashauri hiyo ilikuwa imeshajenga nyumba za kupangisha kwa kiwango hichohicho, ikajifunza kwenye majengo madogo kwanza.

Wenye majengo ya miaka ya 1970 wafanyeje? Mwaka 2023 serikali ilitenga pauni milioni 60 na zaidi kwa mabwawa ya England: 20 za kuokoa waliozidiwa na bili, 40 za kurekebisha mitambo. Mgawanyo ni wa busara, lakini fungu zima la marekebisho lisingetosha kujenga hata kituo kimoja cha aina ya Exeter. Mwaka huohuo, kwenye bwawa la Exmouth, jirani na Exeter, walifunga mtambo wa kompyuta zilizozamishwa kwenye mafuta. Joto lake hupasha maji. Ni msaada wa haraka, ila kioo baridi kinabaki palepale.

Sheria ya England haiilazimishi halmashauri kuwa na bwawa, wakati huduma za wazee na watoto ni wajibu. Fedha zikipungua, bwawa ndilo hutazamwa kwanza. Ripoti za utendaji huhesabu wageni na ruzuku. Zinapaswa pia kuonyesha nishati inayotumika kwa kila mita ya mraba ya maji. Na pale mkataba unapompa mwendeshaji bili na kuiachia halmashauri paa, hakuna hata mmoja mwenye sababu ya kubadilisha kioo: mwendeshaji ataondoka kabla gharama haijamrudia, na halmashauri haitaona nafuu yoyote kwenye vitabu vyake. Kipengele hicho ndicho madiwani wakisome kabla hawajatia saini.