Kompyuta Pepe Ofisini: Gawa kwa Kazi, Usigawe kwa Cheo

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi zilizoko kwenye ofisi zetu hazikubaliki kwenye Windows 11, kwa sababu toleo hilo linadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Mashine ni nzima na skrini haina doa, lakini mfumo endeshi wake hauna tena anayeuziba matundu kwa utaratibu wa kawaida. Hapo ndipo mameneja wengi wa TEHAMA wanapoanza kuulizia kompyuta pepe. Windows inakaa kwenye seva, ndani ya kituo cha data, na mashine ya mezani inabaki na kazi mbili tu: kuonyesha picha inayotoka huko na kupeleka huko kila kinachobonyezwa. Kompyuta kuukuu yenye Linux nyepesi inaiweza kazi hiyo kwa miaka mingine kadhaa.

Mtindo wenyewe si mgeni. Citrix ilitoa WinFrame mwaka 1995, Microsoft ikafuata mwaka 1998 na toleo la Windows NT 4.0 lililowaruhusu watu wengi kutumia seva moja kwa wakati mmoja, na mwaka 2006 VMware ikaanza kuuza wazo la kumpa kila mfanyakazi Windows yake kamili ndani ya seva. Teknolojia imekomaa. Kinachoangusha miradi leo ni jinsi watumiaji wanavyopangwa.

Ofisini kwetu kompyuta hugawanywa kwa cheo. Mkurugenzi, ambaye kutwa anasoma barua pepe na kuidhinisha malipo, hupewa mashine yenye nguvu kuliko zote. Mchoraji wa ramani za majengo hupewa iliyobaki. Kwa kompyuta za kawaida hasara hiyo haionekani, maana kila mashine ilinunuliwa kivyake. Kwenye kompyuta pepe watu wote wanakula kutoka seva moja, na kila kiini cha prosesa anachopewa mtu asiyekihitaji kimenyang'anywa mwingine.

Tazama mwongozo wa Microsoft wenyewe kwa seva zinazotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Unagawa watumiaji katika makundi manne kufuatana na uzito wa kazi. Kwa kiini kimoja cha prosesa pepe unaweza kuweka watu 6 wa kazi nyepesi, 4 wa kazi ya kati, 2 wa kazi nzito, au mtu 1 wa kazi nzito kabisa kama michoro ya pande tatu. Piga hesabu ya ofisi yenye watu 60. Wote wakiwa makarani wa kuingiza data, viini 10 vinatosha. Wote wakiwa wachoraji, unahitaji 60. Bei inaweza kuongezeka mara sita bila kuongeza mfanyakazi hata mmoja. Kasi ya mtandao nayo inafuata mkondo huohuo: mwongozo unapendekeza megabiti 1.5 kwa sekunde kwa mtumiaji mwepesi na 15 kwa mzito kabisa. Meneja anayeomba bajeti kwa kuhesabu vichwa tu bado hajaanza kazi.

Makarani na wahudumu wa simu ndio wanaofaa kuanza nao. Wanatumia programu mbili tatu zilezile kila siku, kwa hiyo wote wanazalishwa kutoka nakala mama moja ya Windows. Fundi akisasisha nakala mama usiku, asubuhi kila mmoja anaikuta mpya. Karani akitoka, kikao chake kinafutwa, pamoja na takataka yoyote aliyoibofya kwa bahati mbaya. Mipangilio yake binafsi huhifadhiwa pembeni, kwenye faili inayounganishwa anapoingia. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi FSLogix, iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2018.

Lakini makarani wana hatari moja, nayo ni saa 2 kamili asubuhi. Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huhimili maombi kati ya 75 na 100 hivi ya kusoma na kuandika kwa sekunde. Windows iliyotulia hutumia 10 hadi 20. Inapowaka, inataka mamia. Sasa watu 60 wameingia getini pamoja, wameketi pamoja, wamebonyeza pamoja. Foleni inajipanga mbele ya diski, na mtu anaitazama skrini tupu mpaka chai inapoa. Miradi mingi ya mwanzo ilifia hapa, kwa sababu wataalamu walipima wastani wa siku nzima wakaisahau nusu saa ya kwanza. Diski za SSD, zenye uwezo wa makumi elfu ya maombi kwa sekunde, ndizo zilizouokoa mtindo huu. Nakala zinazotunza tofauti tu kati yazo na nakala mama, ambazo VMware ilizileta mwaka 2008, zikapunguza nafasi inayohitajika. Kilichobaki ni nidhamu isiyogharimu kitu: washa mashine zote pepe saa 12 alfajiri, kabla watu hawajafika.

Keshia wa benki anaonekana ana kazi nyepesi kama karani, na kwenye jedwali la meneja wataandikwa mstari mmoja. Kaa naye kaunta uone. Upande wa kulia ana printa ya risiti. Kushoto ana skana ya vitambulisho na kisoma alama za vidole. Kila kimoja kimechomekwa kwenye mashine ya mezani, ilhali programu inayovihitaji iko kwenye seva kilomita kadhaa kutoka hapo. Kifaa lazima kisafirishwe kupitia mtandao ili Windows ya mbali idhani kimechomekwa kwake. Kibodi na kipanya havina shida. Kisoma alama za vidole kinaweza kuwa na dereva iliyoandikwa na mtu ambaye hakuwahi kufikiria kompyuta pepe, na kikakataa kabisa. Printa nayo ina vituko vyake: waraka mdogo ukitayarishwa kwenye seva unaweza kuvimba mara nyingi kabla haujarudi tawini, ukaubana mtandao wa tawi zima. Mteja aliyesimama kwenye foleni haoni seva, anaona keshia mzembe. Namhurumia sana keshia huyo. Ndiyo maana nasema vifaa vya kaunta vijaribiwe kimoja kimoja, kwa modeli yake na dereva yake, kabla ya kununua chochote.

Hospitalini hesabu ni nyingine. Daktari anatoka wodi moja kwenda nyingine na katika kila chumba anakuta kompyuta tofauti. Anachohitaji ni kwamba akigusisha kadi yake, kikao alichokiacha wodi ya wazazi kimfuate hadi chumba cha dharura, faili la mgonjwa likiwa wazi palepale alipoliacha. Nguvu ya prosesa kwake si kitu. Sekunde za kuingia ndizo zenye thamani. Akisubirishwa, ataingia kwa nywila ya mwenzake, au ataacha kikao wazi kutwa nzima kila mtu akitumie, na siri za wagonjwa zitakuwa za wote. Kwa maoni yangu hapa ndipo kompyuta pepe inapolipa kuliko mahali pengine popote, hata kama fedha inayookolewa ni kidogo.

Wachoraji na wahandisi wanahitaji seva yenye kadi ya michoro inayogawika kwa watumiaji kadhaa, pamoja na leseni yake. Inawezekana, lakini ni ghali. Kama ni wachache na wanakaa jengo moja, waachie mashine zao nzuri za mezani.

Wakurugenzi wanasumbuliwa na vikao vya video. Ukiendesha Teams au Zoom ndani ya kompyuta pepe bila maandalizi, video inakwenda kwanza kwenye seva, inafunguliwa, inafungwa upya, kisha inatumwa mezani. Sauti inachelewa kuliko midomo na seva inahema. Dawa ni kuwezesha kipengele kinachoiacha programu kwenye seva huku video yenyewe ikipita moja kwa moja kwenye mashine ya mezani. Mashine hiyo lazima iwe na nguvu ya kutosha kuifungua, kwa hiyo hapa kuukuu haifai.

Afisa ugani, mkaguzi wa migodini na mtu wa mauzo wasiwekwe huku kabisa. Mpe kila mmoja kompyuta mpakato iliyosimbwa diski yake. Kompyuta pepe bila mtandao haipo.

Hilo linatupeleka kwenye swali la seva ikae wapi. Microsoft ina vituo Johannesburg tangu 2019, Amazon ina vyake Cape Town tangu 2020. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,400 kwa mstari ulionyooka, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 24, na mkongo haunyooki. Bado ni chini sana ya milisekunde 150 zinazopendekezwa kuwa ukomo. Kwa siku ya kawaida, kazi ya ofisi inakwenda vizuri. Lakini tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika kwa pamoja na Afrika Mashariki ikaona cha moto. Siku kama ile, ofisi yenye kompyuta za kawaida inakosa barua pepe. Ofisi ambayo Windows yake iko ng'ambo haiwezi hata kuandika barua. Ongeza na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zote zikiweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Kwa benki na hospitali, mimi ningeweka seva nchini, kwenye kituo chao wenyewe au cha kukodi, na njia mbili za mtandao zinazopita barabara tofauti.

Ndugu meneja wa TEHAMA, kabla hujasaini mkataba, chukua keshia mmoja, muuguzi mmoja na mhasibu mmoja, wale wanaolalamika kuliko wote. Wape mfumo huo mwisho wa mwezi, siku ya mishahara, saa 2:30 asubuhi. Pima sekunde za kuingia na sekunde za kutoa risiti, kisha mwambie muuzaji aziandike kwenye mkataba kama sharti. Asipokubali, usisaini.