Nyonga Inayosikiliza Dumbak

Dumbak ina sauti tatu za kuanzia. Dum ni ile nzito, ya katikati ya ngozi. Tek ni kali, ya ukingoni, na hupigwa kwa mkono wa kulia. Ka ni ndugu yake tek, nayo hupigwa kwa kidole cha pete cha mkono wa kushoto ulioegemea juu ya ngoma. Kwa sauti hizo, pamoja na kofi moja kavu la katikati, wapigaji wa Cairo, Beirut, Istanbul na Unguja hujenga midundo ya harusi, ya taarab na ya wacheza kiuno. Majina yake mwanafunzi huyashika kwa dakika tano. Kuzipiga zikasikika sawasawa ni kazi ya miaka, na ndiyo maana watu hufunga safari wakakae wiki nzima na mafundi.

Mimi nilizifuata California. Kila kiangazi, katika msitu wa Mendocino Woodlands ulio kaskazini mwa San Francisco, wapigaji na wachezaji wa muziki wa Mashariki ya Kati hupiga kambi kwa wiki moja. Wanalala katika vibanda vya mbao vilivyojengwa miaka ya 1930, wakati serikali ya Roosevelt ilipokuwa ikiwatafutia kazi watu waliokosa ajira. Vimezungukwa na miti ya redwood, mirefu kuliko miti yote duniani. Asubuhi ukungu wa bahari ya Pasifiki huingia bondeni, na wenye ngoma za udongo zilizowambwa ngozi ya samaki huanza siku yao mbele ya meko, wakizigeuza ngoma taratibu karibu na moto mpaka ngozi ikaze. Mtu wa pwani yetu akiwaona atatabasamu, maana ndivyo ngoma zinavyopashwa moto Unguja na Lamu kabla ya kuchezwa. Siku hizi wapigaji wengi wa Misri hutumia dumbak za alumini zenye ngozi ya plastiki, ambazo hazijali ukungu wala jua. Zina sauti kali na zinafika mbali. Hata hivyo, ya udongo ina dum yenye joto ambalo sijalisikia kwenye bati lolote.

Kwamba elimu hii imefika msituni California si jambo la ajabu sana. Wamarekani waliwaona wachezaji wa Misri kwa mara ya kwanza kwa wingi kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1893. Miaka mingi baadaye, San Francisco, Jamila Salimpour alianza kuzipanga hatua za uchezaji huo na kuzipa majina ili ziweze kufundishika darasani, na mwaka 1968 akaunda kundi lake la Bal Anat. Wanafunzi wa wanafunzi wake wamejaa California mpaka leo. Lakini wanaposema wanataka kusikia kitu kilivyo, humwita mwalimu kutoka kwenye chimbuko lake.

Mwalimu wetu wa dumbak alikuwa mzee wa Kimisri mwenye vidole vifupi, vinene. Asubuhi ya kwanza hakutufundisha mdundo wowote. Tulipiga dum. Ngoma imelala juu ya paja la kushoto, mdomo wake ukielekea mbele. Vidole vinne vya mkono wa kulia vimeungana, vinashuka pamoja, vinagusa ngozi na kunyanyuka papo hapo. Siri yote iko kwenye kunyanyuka. Mkono ukikawia juu ya ngozi hata kidogo, sauti inakufa na kubaki mshindo mtupu. Mzee alimwita mwanafunzi mmoja aweke kiganja chake nyuma ya ngoma, kwenye tundu la mwisho, kisha akapiga. Yule mwanafunzi akacheka, kwa sababu pumzi ya hewa ilikuwa imemgonga kiganjani. Tukapokezana, kila mmoja akaisikia kwa mkono wake mwenyewe. Dum iliyoachwa vizuri husukuma hewa nje, na iliyobanwa haisukumi kitu. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa kwa maneno tofauti iko wapi.

Tek aliifundisha kwa namna nyingine. Inapigwa kwa ncha ya kidole pale ngozi inapokutana na ukingo, na ikipigwa sawasawa inalia kama bilauri iliyogongwa kwa kijiko. Taabu ni kwamba mkono wa kushoto, unaopiga ka, ni dhaifu na hauna nafasi ya kujirusha, kwa kuwa umefungwa juu ya ngoma. Mzee akatuambia tugeuke tumpe mgongo. Akawa anapiga tek na ka kwa kuzichanganya, nasi tukitakiwa kuinua mkono kila tulipodhani ni wa kushoto. Tulikosea karibu kila mara, maana kwake zilikuwa sauti moja. Kisha akaanza kuongeza kasi: tek na ka, tek na ka, mpaka zikawa mvumo mmoja usio na mshono. Ule mvumo ndio unaowafanya wasikilizaji washangilie ukumbini, na umejengwa kwa kidole kimoja cha pete kilichofanyishwa kazi kila siku hadi kikawa na nguvu sawa na mwenzake.

Midundo yenyewe ilikuja baadaye, na hapo ndipo niliposhangazwa na uchache wa vitu vinavyoitenganisha. Chukua maqsum, mdundo wa kawaida kabisa wa Misri: dum tek, tek dum, tek. Sasa badilisha pigo moja tu, tek ya kwanza iwe dum: dum dum, tek dum, tek. Umepata baladi, na mchezaji anazama chini, magoti yanalegea, uzito unaingia kwenye visigino. Sogeza dum mbili zikae katikati: dum tek, dum dum, tek. Hiyo ni saidi, ya Misri ya juu, nchi ya wakulima na fimbo. Fimbo wanazochezea wasichana jukwaani zinatokana na tahtib, mchezo wa kale wa wanaume wa kupigana kwa fimbo, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2016. Mapigo ni matano kwa matano katika midundo yote mitatu. Kinachobadilika ni mahali uzito unapoangukia, na mwili wa mchezaji hauna budi kujua mahali hapo kabla mkono haujafika.

Kambi ile ilikuwa na kanuni moja ambayo naiona ndiyo hekima yake kubwa. Mchana, wapigaji waliweka ngoma chini wakaenda kucheza, na wachezaji wakakalishwa na dumbak mapajani. Hakukuwa na msamaha kwa mtu yeyote. Wanaume wenye ndevu nyeupe, waliopiga ngoma maisha yao yote, walisimama mstari mmoja na vijana wakajifunza kutikisa nyonga.

Na mtikisiko wa nyonga hauanzii kwenye nyonga. Mwalimu wa kike aliyetufundisha alikuwa na subira ya mshona kofia. Alituweka wima, nyayo zote chini, miguu imeachana kidogo, akatuambia tukunje goti moja na kunyoosha jingine, polepole, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Nyonga hazikuruhusiwa kufanya kitu. Zilitakiwa kufuata tu. Kila mtu alitaka kuharakisha, naye kila mara aliturudisha kwenye mwendo wa mtu anayetembea. Alipita akigusa paja la huyu na la yule, akitafuta msuli uliokaza. Paja likikaza, mtikisiko unakuwa wa nguvu, na wa nguvu haudumu hata dakika mbili. Likilegea, magoti yanaendelea yenyewe, na nyama inatikisika kwa uzito wake. Alipoanza yeye, kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa ametulia kabisa, uso mtulivu, mabega hayajui kinachoendelea huku chini. Nikaelewa jinsi wachezaji wa harusi wa mtaa wa Mohamed Ali, Cairo, walivyoweza kucheza na kinara cha mishumaa inayowaka kichwani.

Utulivu huo wa juu ndio ninaousifu zaidi. Mtu asiyejua hutazama kiuno peke yake akadhani kazi yote iko hapo. Fundi ameugawa mwili wake: dum inaangusha nyonga, tek inaipandisha, na nai au udi ukiingia, nyonga zinatulia huku kifua na mikono vikichukua zamu. Anaweza kushika mambo mawili kwa pamoja, magoti yakifuata mvumo wa dumbak na mikono ikifuata wimbo wa fidla, bila kimoja kukivuruga kingine. Akiwa na visahani vya shaba vidoleni anaongeza la tatu. Badia Masabni alipofungua ukumbi wake Cairo mwaka 1926, na baadaye Samia Gamal na Tahia Carioca wakatoka humo kuwa nyota wa sinema, watu waliona mavazi na vicheko. Chini ya hayo kulikuwa na elimu hii ya kuugawa mwili. Mahmoud Reda naye, alipounda kundi lake la ngoma mwaka 1959, aliwaonyesha Wamisri kwamba elimu hiyo inastahili jukwaa la taifa.

Jioni masomo yalikwisha na majukwaa yakafunguliwa. Usiku mmoja bendi ilipiga utangulizi wa Enta Omri, wimbo ambao Mohammed Abdel Wahab alimtungia Umm Kulthum mwaka 1964. Utangulizi wake peke yake unamtosha mchezaji kumaliza alilo nalo. Mwalimu wetu wa kike aliingia taratibu, akausubiri muziki umfikie. Kisha vyombo vikanyamaza, akabaki yeye na mzee wa dumbak.

Nilikuwa nimekaa karibu, nikiweza kuona mikono ya mmoja na magoti ya mwingine. Mzee hakutazama ngoma yake hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye kisigino cha kulia cha yule mama. Kisigino kikipanda, alijua nyonga itashuka, akaitayarishia dum. Naye mama hakumtazama mzee; alimpa ubavu, akasikiliza. Walipokwisha kuzoeana mzee akapiga baladi mara kadhaa, halafu pale ambapo kila mtu ukumbini alikuwa akiingoja dum, akainyima. Mkono ulibaki hewani. Nyonga ya mama ikabaki juu, imesimama, wala haikutikisika. Sijui walikaa hivyo kwa muda gani, lakini niliwaona watu wakiacha kutafuna. Dum ilipokuja, ikaja pamoja na nyonga, kitu kimoja, na ukumbi mzima ukapiga kelele. Hawakuwa wamepanga. Niliuliza baadaye, mzee akasema hawajawahi kufanya mazoezi pamoja. Yeye amecheza, mama amepiga, basi inatosha.

Maneno hayo nimekuwa nikiyafikiria tangu hapo, kwa sababu yanatuhusu. Dumbak yetu ilitoka huko huko Misri. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kwamba aliuleta muziki wa Misri katika jumba lake na kumpeleka Mohammed Ibrahim Cairo akajifunze. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kikaanza mwaka 1905, na mpaka leo mdundo wa wahed unus unaopigwa na vikundi vya taarab asilia ni ule ule nilioukuta msituni Mendocino ukifundishwa kwa wachezaji. Upande wa kiuno nao hatukuhitaji kuazima. Unyago una shule yake, na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliibeba shule hiyo maisha yake yote, akipiga ngoma kwa mikono yake na kufundisha wasichana. Katika kidumbak, ngoma mbili ndogo, fidla na sanduku vinapolia uani, mpigaji na mchezaji bado kila mmoja anavizia mwendo wa mwenzake.

Lakini darasani tumewatenganisha. Anayejifunza dumbak hukaa na wapigaji wenzake, akahesabu mapigo akiwa ameinamia ngozi. Anayejua kucheza amejifunzia harusini au unyagoni, na hakuna aliyewahi kumwekea dumbak pajani. Taarab ya kisasa imezidisha jambo hilo, kwa kuwa mdundo mara nyingi hutoka kwenye kinanda ukiwa umekwisha kupangwa, na kinanda hakina macho ya kutazama kisigino cha mtu. Hakiwezi kuinyima nyonga dum yake, kisha kuirudisha kwa wakati wake.

Dhow Countries Music Academy ilianza kufundisha Unguja mwaka 2002, na dumbak ni miongoni mwa vyombo vyake. Wapigaji wa kidumbak wapo, na walimu wa unyago wapo. Nawaomba walimu wa muziki wa Unguja na Mombasa wawakalishe hawa chumba kimoja kwa wiki moja tu, mpigaji acheze na mchezaji apige. Haihitaji msitu wala safari ya ndege. Wazee wanaoweza kuifundisha kazi hii kwa pande zote mbili ni wachache, na anayetaka kujifunza kwao na aende sasa.