Dosie tupu inatosha kuangusha seva

Leo tukosoe kitu ambacho wengi tunakiita kakosa kadogo. Unaweka programu mu seva. Paketi inaingia yote, hakuna onyo ata moja. Kiisha unaiwasha, inakataa: dosie fulani haipo. Unaandika mkdir, unajaribu tena, inaanza. Unasema: «Sawa, kazi imeisha.» Haijaisha. Ile mkdir imefunika kosa la mtu mwingine, na kosa lile litarudi siku ambayo hauko karibu na mashini.

Paketi si mzigo wa mafaili tu. Ni ahadi. Ule aliyeitengeneza anasema: programu yangu inahitaji vitu hivi, na vyote vitakuwepo. Watengenezaji wengi wanakumbuka kutaja programu zingine ambazo yao inazitegemea. Dosie njo wanaisahau. Sababu inaeleweka: ku mashini ya mtengenezaji, dosie ile iko tayari tangu zamani, labda aliiweka kwa mkono wake. Anajaribu, inaenda. Ata Git inamsaidia kusahau, juu Git haitunzi dosie tupu. Dosie isiyo na faili ndani haisafiri pamoja na kodi.

Watu wa Fedora waliliona tatizo hili na wakaandika kanuni wazi: paketi imiliki kila dosie inayoitengeneza, ao itegemee paketi ingine yenye kuimiliki. Si mapenzi ya karatasi. Na RPM za zamani, dosie isiyo na mwenyewe iliweza kuzaliwa na ruhusa mbaya, kufuatana na umask ya ule aliyeweka paketi. Kama umask ilikuwa 0077, root peke yake njo aliingia, na programu iliyotumika kwa jina la mtumiaji mwingine ilibaki inje. Tena, siku unaondoa paketi, dosie inabaki yatima mu mashini.

Mfano mzuri ni PHP-FPM ya Fedora. Inaweka mafaili yake ya mipangilio mu dosie za Apache na za Nginx vilevile. Ingeweza kumlazimisha mtu aweke seva zote mbili, ao ingeweza kunyamaza na kutumaini dosie ziko. Badala yake inategemea paketi mbili ndogo, httpd-filesystem na nginx-filesystem, ambazo kazi yao kubwa ni kuleta dosie tu. Kuna wenye watasema: paketi mzima juu ya dosie tupu, ni kupoteza wakati. Mimi naona ni adabu ya kazi. Mwenye kualika wageni anapanga viti mbele hawajafika.

Kosa baya zaidi linakaa mu /run. Tangu Fedora 15, mu mwaka 2011, dosie hii inaishi mu RAM, na kanuni ya FHS 3.0 ya mwaka 2015 inataka isafishwe kila mara mashini inapowaka. Basi paketi yenye kutengeneza dosie yake mule mara moja tu, siku ya kuwekwa, inafanya kazi mpaka siku mashini inazimika. Mtengenezaji mwenye seva isiyozimika miezi na miezi hatalijua kosa lake. Siye tutalijua haraka. Fikirieni kliniki yenye kutunza fishi za wagonjwa mu seva moja ndogo. Umeme unakatika usiku, unarudi saa tisa, mashini inawaka yenyewe, lakini huduma haianzi juu dosie moja haipo. Asubuhi muuguzi anafungua, hakuna fishi. Na mtu wa informatiki yuko mu mji mwingine.

Linaloudhi ni kwamba dawa iko, na ni ya mstari mmoja. Mu faili ya huduma ya systemd unaandika RuntimeDirectory= na jina la dosie. Kila mara huduma inapoanza, systemd inatengeneza dosie ile na kuipa mwenyewe anayefaa. Tangu mwaka 2017 kuna StateDirectory= kwa vitu vya /var/lib, na LogsDirectory= kwa /var/log. Anayesahau leo hana tena kisingizio.

Lakini haki iwe pande zote. Kuna wenye Raspberry Pi wanaohamisha /var/log mu RAM juu ya kulinda karte ya SD. Mashini ikiwaka upya, /var/log/nginx haipo, Nginx inakataa kuanza, na lawama zinaenda kwa paketi. Hapo paketi ilileta dosie yake. Aliyebomoa nyumba njo anapaswa kuijenga, kwa faili ndogo mu tmpfiles.d. Na wale wanaoponya kila kitu na chmod 777, hao hawaponyi: wanaacha mlango wazi kwa kila mtu mwenye kuingia mu mashini.

Hii inatuhusu siye wa informatiki mbele ya wote. Mu TFC zetu tunapenda kuonyesha kurasa zenye rangi na vitufe vizuri. Ningependa jury iulize swali moja tu: zima mashini hii, iwashe, usiguse kitu. Itaamka yenyewe? Mwenye kujibu ndiyo, amefanya kazi. Mwenye kuomba dakika mbili za kuandika mkdir, bado.

Basi, ukikutana na dosie inayokosekana, itengeneze kama wagonjwa wanangoja. Kiisha usiishie pale. Tafuta ni paketi gani ilipaswa kuileta, rekebisha faili ya huduma, na umwandikie mtengenezaji. Wa pili atakayeweka paketi ile labda hatajua mkdir ni nini.