Utendi wa Mwana Kupona katika Darasa la Historia

Mwanafunzi wa shahada ya historia leo hutakiwa achunguze jinsia, rangi na kabila. Wito huo ni wa haki, kwani kwa muda mrefu historia ya pwani ilikuwa masimulizi ya masultani na magavana. Kasoro iko katika mbinu: mambo hayo matatu hufundishwa aghalabu kana kwamba ni mafungu yaliyo mbalimbali. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kuutazama Utendi wa Mwana Kupona, kwamba fungu moja halifahamiki bila ya mengine.

Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga utendi huu mwaka wa 1858 hivi, akiwa mgonjwa, ili amuusie bintiye. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka wa 1934, waliupa anwani ya Kiingereza iliyouita nasaha juu ya wajibu wa mke. Wasomaji wamegawanyika: wako wanaoushutumu kwamba unamfunza mwanamke unyonge, na wako wanaoutetea kwa hoja kwamba mtunzi mwenyewe ni mwanamke mwenye elimu na sauti.

Pande zote mbili, nionavyo, hazijaupima vya kutosha ubeti ambamo mama anamwonya bintiye asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Mke anayeusiwa, basi, si kila mwanamke, ni mwungwana. Mjakazi yumo nyumbani, lakini hausiwi.

Hapa ndipo jinsia na asili zinapofungamana. Mwungwana mwanamume aliweza kuzaa na suria wake, na mtoto akawa huru, akahesabiwa katika ukoo wa baba. Binti mwungwana hakuwa na nafasi kama hiyo: sharti la kufu lilitaka aolewe na mtu asiyempungukia kwa nasaba. Kwa hiyo mpaka wa kabila ulilindwa katika ndoa ya binti. Beti za utiifu na ubeti wa watumwa ni hoja moja.

Yafaa tukumbuke, hata hivyo, kwamba wasia hueleza yaliyotakiwa, si lazima yaliyotendwa. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Mwaka wa 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa. Mmoja alitoka katika ukoo uliomiliki watumwa, na mwingine ni mzawa wa watumwa. Wote ni wanawake, wote ni wa mji mmoja, lakini historia haikuwapa urithi mmoja.

Mwalimu na aviweke vitabu hivi viwili mbele ya mwanafunzi kwa pamoja, kisha amwulize: nani anasema, nani anaambiwa, na nani yumo nyumbani bila ya kuambiwa neno? Asiyeuliza swali la tatu atakuwa ameisoma nusu ya nyumba.