Ulumbi na Haki katika Kisa cha Khun-Anup

Kisa hiki cha Misri ya kale, kilichotungwa enzi za Ufalme wa Kati, kimezoeleka kusomwa kama sifa kwa maat, yaani haki na utaratibu wa ulimwengu. Usomaji huo unapuuza kejeli yake. Khun-Anup, aliyenyang'anywa punda na bidhaa na Nemtynakht, anamlalamikia msimamizi mkuu Rensi. Mfalme anaamuru asijibiwe, ili azidi kunena na maneno yake yaandikwe. Haki inacheleweshwa ili fasihi ipatikane! Kweli, jamaa zake wanalishwa kwa siri na hatimaye anafidiwa. Lakini mlumbi huyu, ambaye hajui lolote kuhusu amri hiyo, anapigwa viboko, na katika hotuba ya tisa anaazimia kwenda kumshtakia Anubis, mungu wa wafu. Makarani waliokinakili kisa walistarehe kwa dhiki iyo hiyo.